Siku Niliyousimamisha Wimbo

Nyumba ya nyuma ya karakana ya seremala,
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mjukuu wangu Kipenga, mke mwenzangu,

Salamu nyingi, nyingi hata bahasha haitoshi. U mzima? Unakula? Usinijibu "nakula" kama unavyomjibu mama yako. Niambie unakula nini na saa ngapi. Hiyo kazi yako ya kuoka mikate nimeisikia, na nimesikia pia kwamba tanuri limekuunguza mkono. Funga kitambaa safi, usijifanye jeuri. Na lile pengo la jino, je, baridi ya huko bado inalichoma?

Sisi huku hatujambo. Magoti yangu ni yale yale, hayapandi ngazi bila kunung'unika. Mume wetu hajambo pia, ila masikio yameaga kabisa. Nikimwita mara kumi hasikii, nikifunua sufuria mara moja tu huyo mlangoni. Nakwambia mwanamume huyu atatuzika wote wawili.

Mwandiko wangu unaujua, herufi zinapepesuka. Sikukanyaga shule hata siku moja. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye daftari la nyimbo, kwa hiyo nivumilie. Ningeweza kumpa mama yako aniandikie, lakini haya ya leo sitaki yapite mkononi mwa mtu mwingine.

Jumamosi mchana bendi yetu ilipiga harusini, katika ule ukumbi wa ghorofani wenye mapazia mekundu. Mjomba wako Jemedari alikuwa kwenye dramu, Tembo kwenye besi, na yule fundi redio kwenye gitaa. Mimi siku hizi naimba wimbo mmoja tu, ule wa kumwingiza bibi harusi, kisha naketi nangoja soda yangu. Tarumbeta hatuna tangu ulipoondoka.

Tabia ya mjomba wako ni ile ile. Wewe huhitaji kuambiwa, ila naandika ili ujue kwamba na mimi naijua. Anatembea na mfuko wa turubai wenye jozi nane za vijiti vya dramu: mbili za kupigia, sita za kurushia watu. Mpigaji akikosea, kijiti kinamfuata. Watu wanacheka, tena wengine wanakuja kwa ajili ya kijiti hicho hicho. Mwezi uliopita alimpasua fundi redio sikio, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sasa, wimbo wa bibi harusi una beti tatu. Ukiisha ubeti wa pili dramu hunyamaza, inabaki besi peke yake, bibi harusi anatembea taratibu mpaka kwa mumewe, halafu mimi naingia na ubeti wa tatu. Jumamosi, badala ya kunyamaza, mjomba wako aliufunga wimbo. Alipiga matoazi yote kwa pamoja, paah! kana kwamba tumemaliza. Na kwa vile wote wanamwogopa, wote wakafunga naye. Ukumbi kimya. Bibi harusi kasimama katikati, mguu mmoja juu, kama kuku aliyesahau anakokwenda.

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Nilimwona shingo ikimvimba. Akatafuta wa kumbebesha, macho yakamwangukia Tembo, na kijiti kikaenda. Kilimpata juu ya jicho. Ngozi ilifunguka, damu ikashuka hadi kwenye kola ya shati lake jeupe.

Sikiliza tulichofanya, maana ndicho tulichofundishana miaka yote. Tulifunika. Fundi redio akaanza kuirudia noti ya mwisho polepole, kana kwamba kimya kile kilipangwa. Tembo akajifuta damu kwa bega, akaendelea palepale besi ilipokatikia. Watu wakashangilia, wakidhani ni madoido. Nafasi yangu ikafika. Nikavuta pumzi ya ubeti wa tatu.

Haikutoka sauti. Nilikuona wewe.

Miaka miwili iliyopita, siku ile ulipoingia kabla ya zamu yako, tarumbeta ilikuwa ingali mdomoni. Kijiti kilipiga tarumbeta, tarumbeta ikapiga meno. Uliinama. Nilisikia kitu kidogo kikidondoka kwenye mbao za jukwaa kabla sijajua ni jino. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, Kipenga. Mbili. Na mimi bibi yako nikaingia ubeti wa tatu bila sauti kutetemeka, tena nikasogea mbele ili gauni langu likufiche, watu wasione damu. Baadaye walikuja kunishika mkono. "Bibi, wewe ni chuma, umeuokoa wimbo." Nikasema asante. Nilisema asante!

Basi Jumamosi kinywa kilikataa. Fundi redio aliirudia noti yake mara ya tano, mara ya sita, kanikodolea macho kama mtu anayezama. Mjomba wako akanguruma, "Mama, imba!"

"Siimbi."

Akachomoa kijiti kingine mfukoni. Kilikuwa cha kumpiga nani, mimi au Tembo, hatutajua, kwa sababu Tembo hakungoja. Alivua besi, akaishika shingo kama shoka, akashuka nayo. Pigo la kwanza lilipasua dramu kubwa. La pili lilitua kwenye mkono wa mjomba wako, na vidole nilivisikia vikivunjika kama kuni kavu. Mjomba wako akaruka juu ya dramu zake, akampiga Tembo kichwa cha pua. Wakabiringika. Matoazi yakaanguka na kumchana muundi kaka wa bwana harusi, aliyekuja kuamua ugomvi. Spika ikaangukia meza ya maharusi, glasi zote chini, watoto wakilia, wanawake wakivuta watoto.

Tembo akawa juu. Alimkaba koo mjomba wako, damu ya jicho ikimdondokea usoni. "Kosa la nani? Sema!"

"Niachie, mbwa wewe!"

"Sema kwanza!"

Mjomba wako alishaanza kubadilika rangi. Nikang'oa chuma cha kipaza sauti, nikamtandika Tembo mgongoni mpaka akaachia. Kisha nikamgeukia mwanangu nikakiinua tena. Sikufichi kitu, nilitaka kumvunja.

Unajua alifanya nini? Hakukinga kichwa. Alificha vidole kwapani, hata vile vilivyovunjika.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya ana miaka saba. Nilimfundisha mapigo kwenye sufuria iliyofudikizwa, mimi nikiimba na kusonga chakula, na akikosa, mwiko ulimpata vidoleni. Akalia, nikamwambia usilie, endelea. Akaendelea. Watu wote wanauliza mtu yule aliutoa wapi ukatili, na mimi naitikia kwa kichwa kama vile nami nashangaa.

Nikakishusha chuma. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Aliyekosea ni mpiga dramu, mwanangu. Aliyemfundisha kupiga mtu kwa sababu ya kosa ni mimi. Wimbo umeharibika. Tunauanza upya, na asiyetaka mlango ule pale."

Mama wa bwana harusi alinirushia tusi ambalo siwezi kuliandika, karatasi itaungua. Nusu ya ukumbi ikashuka ngazi. Gauni la bibi harusi lilikuwa na matone mekundu upande wa chini. Lakini ndiye aliyesema, "Bibi, imba basi, viatu vinanibana."

Tukaanza mwanzo kabisa, bila dramu. Besi ya Tembo ilibaki na nyuzi mbili, naye akipumulia mdomoni. Sauti ilinikatika mara mbili, na mara zote mbili nilisimama, nikasema "nimekosea," nikarudia. Miaka arobaini sijawahi kufanya hivyo. Aibu ilikuwepo, usidhani haikuwepo. Ilikaa nasi jukwaani mpaka mwisho kama mgeni asiyeaga.

Tembo ameshonwa nyuzi tano. Amesema harudi kwenye bendi, na sikumbembeleza. Nilimwomba radhi kwa lile pigo la mgongoni, akacheka upande mmoja wa uso. Mjomba wako ana vidole viwili ndani ya plasta. Zile jozi sita nimechemshia chai, naye alikaa jikoni akiziangalia zikiungua. Baadaye sana ndipo akaniuliza, "Mama, Kipenga atanisamehe?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe. Mimi nina langu la kumwomba."

Na langu ndilo hili. Siku ile ilinipasa kusimama. Ningeuacha wimbo ufe palepale, nikapiga magoti, nikakushika uso wako. Sikufanya. Na najua umekwenda mbali zaidi kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya jino, kwa sababu asubuhi uliyoondoka ulimuaga mjomba wako aliyekupiga, ukapita mlango wangu bila kubisha. Nilikuwa macho. Nilisikia hatua zako zikipita.

Sikuombi urudi. Sikuombi ushike tarumbeta, mdomo ni wako. Ukitaka kupiga, piga, na ukikosea mtu akikuinulia mkono, shuka jukwaani uwaachie kelele zao. Ninachokuomba ni uache kuniandikia "sijambo bibi, kazi nzuri." Niandikie hasira. Nitukane, mimi natukanika, nina mifupa ya kutosha. Nitasoma herufi moja moja kwa kidole, sitaruka hata moja, na sitajitetea.

Mama yako anakusalimu. Tangu siku ya jino lako hasemi na kaka yake, na sasa namwelewa. Fundi redio anakusalimu, sikio limepona. Mume wetu anakusalimu kwa sauti kubwa mno, majirani wote wamesikia. Mjomba wako hajatuma salamu. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe kwa mkono uliobaki.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi, akupe watu watakaoacha kila walichoshika wakikuona umeinama.

Ni mimi nikupendaye kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na niliyechelewa,

Bibi yako.