Mgeni Halipi Nauli

Jumatano, 7 Mei

Nimefika salama, namshukuru Mungu. Saa saba nzima kwenye boti, nimetapika mpaka nyongo. Gatini kuna gari moja tu, pikapu ya kijani, mlango umefungwa kwa kamba. Dereva wanamwita Honi. Honi ya gari ilishakufa, basi anapiga kwa mdomo: piii! Mtu mzima na ndevu zake!

Nikamnyooshea nauli. Akarudisha mikono nyuma kama nampa kaa la moto. "Mama, hapa mgeni halipi. Wewe mgeni wa nani?"

Nikasema nitapanda kijijini kwa miguu. Nikaishia nyumba ya wageni, hatua hamsini kutoka gatini. Mwoga mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemdadisi mwenye nyumba huku tukichambua mchele. Kumbe nauli ya mgeni hulipwa na mwenyeji wake! Unamtaja mtu, Honi anamwendea. Akilipa, umepokelewa. Akikataa, unabaki hapa hapa gatini kungoja boti ya Jumapili. Nikauliza, na wanaokuja kikazi je? Akasema hata daktari wa meno alilipiwa na mwalimu mkuu — na bado akamng'oa mwalimu huyo jino zima, bovu akaliacha. Nimecheka mpaka mchele ukamwagika.

Kisha akaniuliza polepole, "Na wewe dada, unamwogopa nani huko juu?"

Nikasingizia magoti.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesali, nikajisema: umevuka maji yote haya uje kuchambua mchele? Nikamfuata Honi. Nikamwambia mimi ni mgeni wa fundi cherehani wa kule juu. Mdogo wangu, tumbo moja.

Akanitazama. "Fundi hana dada."

Jamani! Lakini Honi ana haki kusema hivyo, na mdogo wangu ana haki kunikana. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa na mimba changa. Nikajiambia habari ile itamdhuru, acha tuzike kwanza. Alipoambiwa, kaburi lina siku tisa. Niliiita huruma. Miaka kumi na moja hajaitikia salamu yangu.

Honi akasema atamuuliza. Haahidi kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Tangu jana chakula hakipiti. Mwenye nyumba ananiletea chai kama mgonjwa.

Honi kaja asubuhi. Anasema alimkuta kwenye cherehani. Alipomtajia jina langu, hakuinua kichwa. Akashona mguu wa suruali mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza, "Amekonda?"

Honi akamjibu ukweli: hata kidogo.

Akalipa. Amelipa! Ee Mola wangu!

Ila ya kwenda tu. Honi, mtu wa kazi, akamuuliza na ya kurudi, maana boti ni kesho. Akaambiwa, "Hiyo bado."

Bado ya hasira, au bado ya nini? Nimembana Honi. Anasema yeye anabeba watu, mioyo kila mtu abebe wake. Kaenda kushusha magunia, atarudi kunichukua.

Nimevaa lile gauni alilonishonea mdogo wangu kabla ya yote haya. Limenibana makwapani, zipu imegoma katikati ya mgongo. Nikivuta, haipandi. Nikishusha, haishuki. Nibadilishe? Sina muda —

Piii! Piii! Huyo nje.

Nakwenda hivi hivi, mgongo wazi na khanga juu. Fundi ataona cha kufanya.