Bati la Mama Stefania

Kasulu, Alhamisi, masika ya 1976. Mvua tangu alfajiri. Nimelowa hadi soksi, na nimejikasirikia vibaya sana.

Mimi mtu wa Pangani. Kwetu unatundika shuka, unakunywa chai, unalianua. Nilipohamishiwa hospitali hii na kuongezewa, juu ya uuguzi, usimamizi wa chumba cha kufulia, nilicheka. Nguo nazo ni kazi ya kusimamia? Mwezi huu kicheko kimeniisha.

Tuna chumba cha matofali cha kukaushia, jiko la pipa katikati, nyaya juu. Kuni hutoka upande wa Muyama kwa lori, na lori limekwama kwenye tope tangu wiki iliyopita. Jumatatu tulikuwa na kuni za siku tatu, na nguo zote za thieta zilikuwa mbichi. Bila nguo kavu hakuna upasuaji. Mjamzito akikwama katika uchungu, itabidi apelekwe Kigoma kwa barabara kama hiyo hiyo iliyomeza lori.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliona joto linatoroka madirishani, nikaamuru yazibwe yote kwa magunia, hata nyufa. Tukachochea moto mpaka macho yakawasha. Jioni nikashika shuka: limelowa vile vile, ila sasa lina joto! Mvuke umejaa chumba kizima, kuta zinatoka jasho. Nikawafokea wafuaji wote watatu, utadhani wao ndio waliotoa amri.

Mmoja wao ni Mama Stefania. Ni mjane aliyekimbia Burundi wakati wa mauaji, mtu wa maneno machache, anayekusalimia kwa kupiga makofi taratibu na kuinama hata kama umemnunia. Alingoja nimalize, akasema, "Oya, hapana, Sista. Moto si mdogo. Maji hayana pa kwenda."

Kesho yake akaja na bati kuukuu kichwani. Akalipachika kwenye dirisha la nyuma, limelala mshazari, mgongo wake nje ukinyeshewa mvua, tumbo lake ndani. Chini yake akaweka gamba la mgomba liwe mfereji, na mwisho wa mfereji ndoo. Madirisha mengine akayaacha na magunia yake. Nilisimama mikono kiunoni nikisubiri aaibike.

Mvuke ukagusa bati la baridi, ukawa matone. Matone yakashukia kwenye mgomba, kwanza moja moja, kisha mchirizi. Kufikia saa nane ndoo ilikuwa imejaa na nguo za thieta zilikuwa kavu, kwa nusu ya kuni za kila siku. Yale maji yaliyokuwa yakizunguka chumbani na kurudi kwenye mashuka yalikuwa yamepata njia. Jana mama mmoja kutoka Busunzu amepasuliwa salama, amepata binti.

Nilimwuliza Mama Stefania alijifunzia wapi. Kwanza akatazama mlango. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini: chungu, mrija, maji baridi, chupa. Pombe ya moshi. Alipofika huku hana jembe wala shamba, aliipika hiyo kuwalisha wanawe, mpaka alipoungama kanisani na kuapa mbele ya waumini kwamba ameiacha na hataki hata kuitaja.

"Usiniseme, Sista. Wakisikia nimetumia tena ujuzi ule, watanitenga."

Nikamwapia.

Leo mganga mkuu wetu amekuja kuona. Ameshika shuka, ametazama ndoo, ameangua kicheko cha furaha. "Nani kabuni hii?" Nikatazama chini. Akadhani ni haya. Akasema hiyo ndiyo faida ya kuwa na watu waliosoma, akaninyooshea mkono mbele ya wote. Mama Stefania alikuwa pale pale akikunja foronya.

Niliupokea ule mkono.

Tena nilifurahi. Nikiandika vingine hapa nitakuwa najidanganya mwenyewe.

Halafu akaongeza kwamba kwa kuwa kuni sasa ni nusu, wafuaji wawili watatosha. Huyu mama asiyejua kusoma, akasema akimwelekea Mama Stefania, ataacha kazi mwisho wa mwezi. Alilisema mbele yake kwa sauti ile ile aliyoizungumzia ndoo. Mama Stefania akaendelea kukunja. Wakati wa kutoka alinipita, akapiga makofi yake taratibu, akainama, akaniaga kama siku zote. Afadhali angenitukana!

Tangu nirudi nyumbani najitetea. Nimenyamaza ili nimlinde. Nikimtaja watu watadadisi, kanisa litajua, atatengwa. Kiapo ni kiapo. Nimeyasema hayo kwa sauti, peke yangu, mpaka chai imepoa.

Lakini mganga mkuu aliuliza ni nani. Hakuuliza alijifunzia wapi.

Jina lake sikukatazwa kulitaja. Ningeweza kulitaja bila chungu na bila mrija, na ingechukua muda mfupi kuliko ule wa kupeana mikono. Sikumlinda mtu yeyote isipokuwa nafsi yangu. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi leo nimevaa za mwenzangu, nikasimama nisifiwe.

Na yeye ana watoto wanne. Ameokoa kuni za hospitali, ameokoa mzazi na kichanga, na malipo yake ni kufukuzwa kwa sababu kazi yake imefanikiwa. Ee Mungu, nimekaaje kimya?

Kesho asubuhi, kabla sijavua koti la mvua, naingia kwa mganga mkuu. Nitamwambia bati ni la Mama Stefania, na nilinyamaza kwa sababu nilipenda kusifiwa. Nitamwambia pia kwamba kama ni lazima mmoja wetu aondoke kwenye chumba kile, basi ni msimamizi, maana amri yangu ndiyo iliyozuia mashuka kukauka.

Akiuliza mama huyo alijifunzia wapi, nitamjibu: jikoni. Wala sitakuwa nimesema uongo.