Mafuta Juu ya Mafuta

Kwako kaka,

Sisi hatujambo. Paka amezalia ndani ya sanduku la spana, na baba amekataa katakata kumhamisha.

Ulipogombana naye ukaondoka, baba aliufungua mtambo wa kuinulia jembe wa lile trekta kuukuu. Pistoni na pete zake za mpira amevipaka mafuta kabla ya kuvirudisha. "Chuma kikavu hakiingii, mwanangu," aliniambia. "Ukikilazimisha kitakwaruza." Sasa kumebaki kufunga kifuniko, kazi ya watu wawili. Nilijitolea, akacheka: "Wewe na shahada yako? Mwenye kushika upande ule yupo."

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kila asubuhi hufuta vumbi na kupaka mafuta upya palepale alipopaka jana. Huenda amesahau, uzee haubishi hodi. Huenda anakungoja. Dhana ninayoiamini asubuhi huniponyoka jioni.

Jana nilimuuliza waziwazi kama anataka urudi. Akasema, "Muulize kama anakumbuka ni boliti ipi hutangulia."

Basi nakuuliza, kaka. Unakumbuka?

Ni mimi, dada yako,
nisiyejua kushika upande ule.