Kikombe cha Kwanza cha Okia

Petta, 3 Februari 2024

Abbo binti yangu,

Mimi mzima, mgongo mzima, na meno yapo, isipokuwa yaliyokwisha kuondoka. Kaburi la mama yako nimelipalilia. Wewe je, kile kifua kilipona?

Unasema nije Busia, upande wa Kenya, nione hicho kiwanda kidogo cha pombe kali unachofanyia kazi, nionje. Nakuja. Siji kujifunza lakini. Waragi yangu, gongo la huku kwetu, inajulikana Petta mpaka Iyolwa. Mtu akiinusa tu anamsamehe mkwe wake.

Barua analeta rafiki yangu Okia kwa pikipiki yake. Nauli hataki. Kila nikipika nampa kikombe cha kwanza kinachotoka mtamboni, tunagawana. Babu yako alikuwa anakimwaga chini, cha wazee waliolala. Lakini tangu tuokoke, miaka mitano sasa, pasta alisema kuwamwagia wafu ni ushetani. Sawa. Basi tunakunywa sisi tulio hai, na ndicho chenye nguvu kuliko vyote.

Mistari ikipanda na kushuka usishangae. Ni moshi wa mtambo umeniingia machoni.

Mimi niliyekuzaa,
Baba

Petta, 20 Februari 2024

Abbo mwanangu,

Nilifika salama, mbuzi nao wazima. Umelala vizuri tangu niondoke?

Nataka uwakumbushe wenzako nilichofanya. Glasi tatu, hakuna aliyeniambia kitu. Ya kwanza nikasema molasi. Ya pili nanasi, tena nanasi lililoiva kupita kiasi. Ya tatu nikaizungusha mdomoni, nikasema huu muhogo, na aliyeupika alikuwa na haraka, moto ulizidi. Bwana wenu Elungat akapiga makofi. Akasema, "Mzee, ulimi huu ningeuajiri." Nikamwambia hataweza kuulisha.

Jambo moja tu lilinichefua. Kile cha kwanza kutoka mtamboni wanakitia kwenye jerikani ya kusugulia sakafu. Elungat ananiambia, "Mzee, hiki hakinywewi, kinaua macho." Kijana wa juzi. Mimi nimepika kabla baba yake hajaoa.

Baba yako, ulimi wa Petta

Busia, 22 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona. Nashukuru ulikuja.

Glasi zote tatu nilikuwekea mkononi mimi, Baba, kwa sababu ya kwanza uliikosa. Ulishika hewa pembeni yake. Na wakati wa kuondoka ulimpa Elungat mkono wa kwaheri, ukaipa na nguzo ya mlango. Watu hawakucheka.

Babu hakuwa mjinga. Ile sumu aliinywesha ardhi, akaiita ya wazee ili mtu asiiguse. Acha kikombe hicho. Umkataze na mzee Okia, yeye anabeba watu barabarani. Njooni wote wawili Jumatatu, niwapeleke kwa daktari wa macho.

Binti yako,
Abbo

Petta, 2 Machi 2024

Abbo,

Hapa wote wazima, hata kama wewe unatutaka wagonjwa.

Barua imesomwa. Jumatatu hatukuja, wala hatutakuja. Nikikubali maneno yako, ni kwamba nimemnywesha sumu mtu niliyebatizwa naye siku moja, miaka mitano, kwa mkono wangu. Hayo sikubali. Okia mwenyewe anacheka. Anasema tu kwamba siku hizi barabara ya Tororo ina ukungu mwingi.

Baba

Busia, 6 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama barua zangu mbili za Machi zilikufikia. Ukungu gani huo, Baba, wakati wa jua kali? Okia simwoni mpakani wiki ya tatu sasa. Naomba neno moja tu.

Abbo

Petta, 19 Aprili 2024

Abbo mwanangu,

Nakusalimu. Hali yangu usiulize.

Hii anakuletea Cate, yule jirani muuza nyanya. Okia tulimzika. Aliingia chini ya lori lililosimama. Lilikuwa limesimama, Abbo, saa sita mchana.

Nilipika, nikapeleka kikombe cha kwanza kaburini kwake, nikakimwaga chote. Pasta alikuwepo, akanishika kiwiko nisianguke. Mimi nilisikia tu udongo unavyokinywa. Mwali wa moto, ule wa kuwashia pombe kupima nguvu yake, siuoni tena. Haya nayaandika kwa kupapasa kingo za ubao nilioweka karatasi.

Kuna jambo sikukwambia. Tangu Krismasi, barua zako alikuwa ananisomea Okia. Ile ya kumkataza kikombe alinisomea yeye mwenyewe, pale mtamboni, mpaka jina lako mwishoni. Akaikunja. Nikamwuliza, "Unasemaje?" Akasema, "Mtoto anakupenda." Halafu akanyoosha mkono, nami nikakiweka kikombe humo.

Cate anajua kusoma, lakini simtaki. Usiandike tena.

Baba yako