Swali la Siri la Doto

Paska, upo? Doto kapatikana! Kila akija hapa intaneti kafe anakuta imeili yake imefungwa, eti neno la siri limekosewa mara nyingi mno. Na yeye hajakosea hata mara moja!

Sasa swali la siri, lile la kufungulia imeili ukisahau neno la siri, alilochagua mwenyewe: jina la pacha wake. La PACHA, Paska! Mtu unaitwa Doto, Usukuma nzima hii nani asiyejua pacha wako ni Kulwa?

Leo kaja kulibadilisha, kachelewa. Mtu keshaingia.

Paska, sikia. Doto amekaa hapa pembeni yangu analia, hajagusa kompyuta yoyote. Lakini sasa hivi nimepata ujumbe uliotumwa kutoka imeili yake:

"Mwambie aache kulia."