Mstari Nyuma ya Kamanthe

Jumatatu, 28 Julai 2025

Mayai yote yamekufa. Yote! Nimeyavunja moja moja nyuma ya jiko, na ndani vifaranga walikuwa karibu kutoka — manyoya, midomo, hata kucha. Jenereta ilizimwa saa nne jana usiku kama kawaida. Nikaifunika mashine ya kuangulia kwa blanketi mbili na chupa za maji moto, lakini baridi ya Julai huku juu haidanganywi na blanketi.

Nimelia kidogo. Kisha nikamkasirikia mume wangu Musembi, ambaye hana kosa. Kazi yake ni kuwasha na kuzima jenereta ya ushirika kwa saa alizoambiwa. Dizeli imepanda bei, mwenyekiti akaamuru iwake jioni tu. Nguzo za umeme wa serikali ziliishia kule chini barabarani, sisi wa mlimani tukajiundia ushirika wetu, na sasa ushirika wenyewe unatupimia giza.

Musembi amechimba shimo la kuyazika. Anajua nikiwa hivi siongeleshwi.

Jumatano, 30 Julai 2025

Kamanthe amepita hapa. Alikuwa nesi wa zahanati mpaka alipostaafu, nusu ya watoto wa huku wamepita mikononi mwake. Anagombea uenyekiti wa ushirika tarehe tisa. Anataka tuweke sola juu ya paa la ghala la kahawa, na betri, umeme uwake mpaka asubuhi. Aliniomba nisimame naye. Nikasema nitafikiria. Akacheka, akaniuliza mtu aliyezika mayai juzi anafikiria nini tena.

Rahisi kwake! Siku ya kujiandikisha Musembi alikuwa kwenye machimbo ya Lukenya akivunja mawe, kwa hivyo kadi ya uanachama ina jina langu. Kadi moja, kura moja. Na mfanyakazi wa ushirika hapigi kura. Yaani anayeweza kupoteza kazi hana kura, na mwenye kura ni mke wake.

Miaka ile ya Lukenya alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi, mweupe wa vumbi mpaka nyusi, akikohoa hadi mtoto wetu Wendy anaamka. Mtoto alikuwa anamwogopa kama mgeni. Jenereta ndiyo iliyomrudisha kwetu. Naichukia na ninaishukuru, yote mawili.

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Leo ilikuwa zamu ya Mzee Erastus. Mwenyekiti tangu ushirika uanze, mjomba wa Musembi, na ndiye aliyempa kazi. Alikuja na mkate, sukari na koti lake la suti ambalo nadhani hata kukamua anakamua nalo. Akala sahani ya isyo, akasifu mahindi, akasifu maharagwe, akanisifu mimi. Nikajua kuna jambo.

Akauliza hilo jua la Kamanthe litatoka wapi. Mwezi mzima sasa ukungu umetukalia, hata nguo hazikauki. Nami sketi yangu ilikuwa kwenye kamba siku ya tatu.

Akiwa mlangoni ndipo akasema alichojia. Huniita mwaitu, yaani mama, akiwa na shida.

"Mwaitu, hiyo sola haina haja ya mtu wa kuiwasha. Inajiwasha yenyewe. Sasa fikiria hapo."

Musembi alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Baada ya ibada wanawake wote ni Kamanthe, Kamanthe. Jirani yangu Nzembi anaapa ataongoza mstari. Nami ninaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu asiyesikia vizuri.

Shida ni huo mlolongo. Huku hatupigi kura ya karatasi. Wagombea wanasimama wametazama ukuta wa ghala, wanatupa migongo, kila mwanachama anaenda kusimama nyuma ya wake. Eti wasione ni nani aliye nyuma yao, wasije wakaweka kinyongo. Kana kwamba hawataambiwa kabla ya chai ya jioni! Mwaka juzi niliomba tutumie sanduku. Mzee mmoja akasema anayeficha kura ana la kuficha, watu wakapiga makofi, nikakaa chini.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimemuuliza Musembi waziwazi. Nilimfuata huko kwenye kibanda cha jenereta, alikuwa anaipangusa kwa kitambaa, taratibu, kama anapangusa ng'ombe aliyetoka kuzaa. Nikamwambia Kamanthe ameahidi kumpeleka akafundishwe kutunza betri. Akasema ameahidiwa mengi na watu wanaotaka kura. Hapo ana haki.

Nikamwambia sitaki kusimama mahali patakapomuumiza. Akasema nisimame ninapotaka. Nikageuka niende. Ndipo akasema, bila hasira hata kidogo:

"Lakini mimi Lukenya sirudi, Mama Wendy. Afadhali unizike hapa."

Afadhali angefoka.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Ni kesho. Nimesali, Mungu kanyamaza. Labda naye anasubiri kuona nitaenda wapi.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nilisimama na Kamanthe.

Sijui hata ni saa ngapi niliamua. Nilitoka kwenye benchi, miguu ikaenda. Nikapita mbele ya macho ya ukoo mzima wa Musembi, shangazi zake wakinong'ona, nikaingia mwisho wa mstari. Nzembi, aliyeapa kuongoza, akaja nyuma yangu na domo lake. Kamanthe alikuwa ametazama ukuta, mikono ameifunga nyuma, anajichuna kucha. Mtu aliyezalisha watu wote hawa! Nikamhurumia, na nikajiona mtu wa maana, nakiri.

Kisha ikawa ni kuhesabu. Afisa wa serikali aliyetoka Machakos kusimamia uchaguzi alitaka mtu asiye na kura, asiye upande wowote. Wakatazamana. Mtu mmoja akasema, si kuna Musembi? Mfanyakazi, hapigi kura, mwaminifu, kila mtu anamjua. Mjomba wake huku, mke wake kule; hakuna aliyepinga. Hata mimi nilifikiri, kweli, mwingine nani?

Akaanza na mstari wa mjomba wake. Anamgusa mtu bega, anataja namba kwa sauti. Sabini na nne. Upande ule wakaanza kuimba na kupiga vigelegele kabla hata wetu haujahesabiwa. Halafu akaja kwetu. Nilimsikia akikaribia. Mzee aliye mbele yangu akaguswa — sitini. Nikainua bega, kama mtoto anayengoja chanjo.

Hakunigusa.

Alinitazama usoni, akapita, akamgusa Nzembi. Sitini na moja.

Nzembi hakuona kitu, alikuwa anazozana na waimbaji. Mimi nilibaki pale, bega langu bado liko juu. Lilikuwa neno moja tu: umeniruka. Nililisikia mdomoni. Lakini yule ni mume wangu, na mbele ya ushirika mzima neno hilo lingekuwa na maana ya mwizi. Nikanyamaza. Akaendelea mpaka mwisho wa mstari.

Erastus sabini na nne. Kamanthe sabini na tatu.

Afisa alikuwa amesema mapema, wakilingana kura inarudiwa. Tulilingana. Ni watu wawili tu wanaojua. Na kilichoniuma zaidi ya yote — matokeo yaliposomwa nilisikia nafuu. Kidogo tu, lakini niliisikia. Kamanthe akageuka kutoka ukutani akitabasamu, akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja. Wangu aliushika kwa mikono miwili, akaniambia asante, anajua ilinigharimu.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa.

Musembi ameteka maji bila kuambiwa. Amepasua kuni. Amefua hata soksi za Wendy! Hajasema, sijauliza. Tunapishana mlangoni kwa heshima kama wapangaji. Jioni akaenda kuwasha jenereta, taa zikawaka nyumba nzima, nikatamani kuzizima.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nzembi amekuja mbio. Kamanthe hajakubali. Anasema watu aliowapa mkono kwenye mstari wake ni wengi kuliko hesabu, na pingamizi mwisho wake ni Jumatano. Anapita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: wewe ulikuwa namba ngapi? Na kila mtu anakumbuka, namba ilitajwa kwa sauti akiguswa bega. Nzembi amesema yake kwa majivuno, sitini na moja. Yule mzee wa mbele yangu amesema sitini. Nzembi hajajumlisha kwamba kati yao nilisimama mimi. Kamanthe alisomea unesi, atajumlisha.

Nikisema, kura inarudiwa, na Musembi anafukuzwa hata kabla sola haijaja, na jina lake limeisha huku. Nikisema uongo, namba gani? Kila namba ina mwenyewe.

Nimejifungia chumbani naandika kwa sababu nimemwona Kamanthe akipanda. Amefika kwenye michongoma. Anapiga hodi.

Musembi ndiye aliyetoka. Nasikia anamkaribisha. Anamvutia kiti, anauliza habari ya mguu wake unaomuuma. Kamanthe anasema hakai, ana swali moja tu kwa mke wake, dakika moja.

Nasikia hatua za Musembi, zinakuja mpaka mlangoni kwangu.

Sasa ananiita. Si Mama Wendy. Ananiita Wavinya, polepole, kama mtu anayeinua bega lake mwenyewe ahesabiwe.