Stesheni Isiyoingia Sandukuni

Jumapili, 3 Machi

Leo mwanangu ameniomba karatasi. Si ya kuandikia — ile ya khaki ninayokatia pateni za magauni. Nikamwuliza, umeanza kushona? Akacheka. Anataka kuchora stesheni yetu ya zamani, ile tuliyokaa nyuma yake mpaka reli zikang'olewa na nyumba za wafanyakazi zikabomolewa. Anataka kuijenga upya, ndogo, juu ya ubao wa kubebeka. Na treni yenyewe ipo! Ya upana wa kidole gumba, inatembea kwa betri. Kanunua kwa mwenzake kazini, pamoja na reli zake.

Basi sebule imekwisha. Karatasi imetandazwa sakafuni, meza imesukumwa ukutani, na fundi wangu amepiga magoti, penseli juu ya sikio kama marehemu baba yake.

Niandike hapa, maana nikisema mtaani wananiambia najisifu. Mwanangu ni fundi wa lifti. Majengo yote marefu ya mji huu, mabosi wanapanda na kushuka kwa idhini ya mwanangu. Siku akikunja mikono, wenye suti watapanda ngazi huku wameshika viuno. Na mimi mamake niliishia darasa la saba, tena kwa kuchechemea. Mwenye macho aone.

Kaniambia, "Mama, wewe ndiye ramani yangu." Nimevimba kama unga uliotiwa hamira. Nguo ya mteja sijaigusa.

Jumanne, 5 Machi

Ugomvi! Tangi la maji. Yeye anasema lilikuwa kushoto kwa ofisi ya stesheni masta. Mimi nasema kulia. Nimeanika nguo nikilitazama tangi lile miaka na miaka, leo mtoto niliyemfunga nepi aje kunifundisha? Anafuta, anachora, anafuta. Karatasi ikatoboka.

Akaja shemeji Filimbi, rafiki wa marehemu mume wangu. Alikuwa gadi wa treni, mpuliza filimbi, jina likamganda mpaka leo. Kasimama mlangoni na mkongojo wake, katusikiliza wee, halafu kaanza kucheka hadi akakohoa. Anasema sote tuko sawa. Mtoto alikuwa akicheza mbele, kwenye jukwaa la abiria. Mimi nilikuwa nyuma, dirishani, na cherehani yangu. "Shemeji, wewe stesheni umeijua kisogo tu."

Kisogo! Nikamjibu, bila kisogo uso ungekaa wapi? Na bendera zake, ya kijani na nyekundu, nani alizishona? Treni ngapi zingeondoka bila kitambaa changu? Akanyoosha mikono juu.

 Mwanangu aliishika karatasi pembeni, akaizungusha polepole, kisogo kikageuka uso. "Haya, Mama. Sasa?"

Sasa nikaona. Tangi kulia. Kibanda cha wenzo karibu na ukuta wetu. Na mume wangu ndani yake, anavuta wenzo, reli inapinduka, treni inakwenda anakotaka yeye. Alikuwa haushiki ule wenzo kwa mkono mtupu. Anashika kwa kitambaa, kwa sababu jasho la kiganja hutia chuma kutu. Vitambaa vile nilimshonea mimi, nikivikunja pindo mara mbili. Treni ya alasiri ikipita, vikombe vyangu vinagongana kabatini, tik tik tik, nami najua bado kidogo ataingia, atanawa, ataniuliza umeshindaje. Vikombe ninavyo. Siku hizi vimetulia mno.

Niliaga kwamba naenda kutazama sufuria. Hakukuwa na sufuria jikoni.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu ameazima futi yangu ya kupimia. Nikajua atapima karatasi. Kumbe alikwenda chumbani, akavuta sanduku lake jipya, lile la magurudumu, akalifungua kitandani akapima ndani yake. Urefu, upana, kina. Akarudi akapiga mstari mwekundu kwenye karatasi. Ubao usizidi hapo, anasema.

Nikauliza kwani ubao unasafiri? Akasema ndiyo Mama, nitakwenda nao.

Sikuandika habari ya safari hii kwa sababu mtaa mzima nilishauambia kwa mdomo. Kampuni ya ng'ambo imemchagua mwanangu kati ya wengi. Mkataba wa miaka miwili. Mama Pacha wa nyumba ya pili nimemweleza mpaka akaniambia jirani, hii umenihadithia juzi. Nimefurahi, sisemi uongo. Miaka miwili ni nini? Kitambaa kizuri hukaa kabatini zaidi ya hapo.

Lakini mtu anayekwenda kurudi hubeba nguo. Picha moja mbili. Dawa ya kichwa. Nani anabeba stesheni? Nani anabeba kwao kuzima, na tangi la maji juu yake?

Kaka yake naye alisema miaka miwili. Sasa ana mke huko na watoto wanaoniamkia kwenye simu kwa kusukumwa mgongoni.

 Nikasema tu futi yangu irudi mahali pake.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata akili. Mstari mwekundu una mwisho, lakini kumbukumbu zangu hazina!

Nimemwambia stesheni bila nyumba ya mvuta wenzo ni uongo. Akaiweka nyumba. Nikamwambia na jiko la nje. Akaliweka. Kamba ya nguo. Ule mti uliokuwa ukiwaangushia abiria majani kichwani. Choo — kwani tulikuwa malaika? Halafu nikamkumbusha mbuzi wetu, yule aliyekula bendera nyekundu niliyoianika, gadi akakosa cha kusimamishia treni akavua shati lake. Shemeji Filimbi mpaka leo anakanusha. Tumecheka mimi na mwanangu mpaka tukajifuta macho. Amemchora mbuzi na kitambaa mdomoni.

Kila tulipocheka karatasi ilirefuka. Nimeunga kipande kingine kwa gundi, mimi mwenyewe, bila kuombwa.

Jioni akakaa akitazama mstari wake mwekundu, nyumba yetu yote iko nje yake. Akaniuliza taratibu, "Mama, unataka nini hasa?"

Nikamjibu nataka ukweli wa mambo. Kisha nikainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

Ijumaa, 15 Machi

Nilipima ramani peke yangu yeye akiwa kazini. Inazidi sanduku kwa dhiraa nzima na zaidi. Hata ikiingizwa kwa mshazari! Nimeshona leo gauni zima nikiimba. Mama Pacha kauliza kuna sherehe gani. Nikamwambia moyo ukiwa mweupe huna haja ya ngoma.

Jumamosi, 16 Machi

Mdomo uliponza kichwa.

Shemeji Filimbi alikuja kuangalia ramani. Mwanangu hana raha. Akasema hakuna njia, itabidi aikate nyumba, abaki na stesheni tu, au aache kabisa. Kalamu chini. Shemeji akaanza mzaha wake, kwamba zamani mabehewa yalibeba magunia kwa mamia, leo fundi wa lifti ameshindwa kubeba choo kimoja. Akanigeukia: "Na wewe shemeji, fundi mkuu, umenyamaza? Au huna jibu?"

Mimi! Nisiwe na jibu! Nimeshona koti la stesheni masta aliyekuwa na tumbo kama pipa, kwa kitambaa kilichopungua, na kila mtu akadhani kimebaki. Nikajikuta nimesimama. Nikasema kitu kikizidi upana wa kitambaa hakikatwi wala hakiachwi, kinatiwa mshono. Vipande viwili, unavitenganisha, unavikunja, ukifika unaviunga. Mtoto wa mjinga tu ndiye asiyejua hilo.

Nilipomaliza ndipo nikasikia nilichosema.

Mwanangu alikuwa ameshapiga magoti. Mbao mbili! Zitashikana kwa pini za chuma na bawaba. Mshono upite hapa, kati ya jukwaa na kibanda cha baba. Ananibusu shavuni, ananiita profesa. Shemeji Filimbi anapiga makofi kwa mkongojo sakafuni.

Nikatabasamu. Mtu akisifiwa afanyeje?

Jumapili, 17 Machi

Vipande viwili. Lakini sanduku ni moja, na kipande kimoja ndicho kinachoingia. Cha pili?

Sijauliza. Hajasema.

Jumamosi, 23 Machi

Wiki nzima ni vumbi la mbao. Seremala wa kona ametukatia plaiwudi, mwanangu amejenga kila kitu kwa maboksi ya viatu na gundi. Na mimi sikukaa bure. Nimeshona bendera mbili ndogo kuliko kucha, zina pindo! Mapazia ya dirisha letu, kwa kipande kilekile cha zamani, nilikuwa nimekihifadhi. Kamba ya nguo imeanikwa shati moja na kitambaa kimoja cha wenzo. Nyanya zake wangeona wangefufuka. Nimemwita Mama Pacha aje atazame, akatazama, nikamwita tena mchana atazame kukiwa na jua.

Leo kaniambia. Nilikuwa natia uzi sindanoni, kwa hiyo sikulazimika kumtazama.

Ubao wa stesheni anaondoka nao. Ubao wa nyumba, kibanda cha baba yake, kamba, mti na mbuzi unabaki hapa, juu ya kabati la vikombe.

Nikasema basi umenigawia kisogo. Akasema, "Mama, bila kisogo uso ungekaa wapi?"

Maneno yangu mwenyewe! Mwana hutazama kisogo cha nina, wahenga hawakukosea. Nilitaka kumwuliza hapohapo, na wewe, utarudi? Uzi ukaingia tunduni. Nikashona.

Jumapili, 24 Machi

Leo ni reli. Ndiyo kazi ya mwisho.

Nilidhani atakata reli vipande, kila ubao na chake. Sisi mafundi cherehani hukata kwanza, ndipo tukashona. Kumbe wao kinyume. Ameziunga mbao zote mbili kwa pini, akalaza reli nzima juu yake, kutoka jukwaani mpaka kwenye kibanda cha baba yake, akaigandisha. Ikakauka. Treni ikapita! Ikatoka stesheni, ikavuka mshono wala haikuushtukia, ikasimama mbele ya dirisha letu. Ikarudi. Nikamwambia tena. Akaipeleka tena. Mara ya tatu nilisikia vikombe kabatini, tik tik. Anasema ni mota inatikisa meza iliyoegemea kabati. Najua ni mota.

Halafu ndiyo akaleta msumeno mdogo, mwembamba kama uzi. Sasa inakatwa, anasema, palepale penye mshono.

Nikamwuliza kwa nini ukikate kitu kilichokamilika. Akasema ukikata kwanza hazikutani tena sawasawa, moja itakwenda kidole huku na nyingine kidole kule, treni itaanguka. Zikilazwa pamoja kwanza ndipo zikakatwa, siku yoyote ukiziunga zinakutana. "Hata ikipita miaka, Mama. Zitakuwa zinajuana."

Hata ikipita miaka. Amesema hivyo.

Akaniomba nishike mbao, kila mkono ubao wake, zisicheze. Nikashika. Akaweka msumeno juu ya reli, akavuta mara moja, wembe wake ukakatika. Kaniambia nisiondoke, nisizitikise, anakimbia kwa seremala kuazima mwingine.

Basi niko hapa. Naandika kwa mkono wa kulia, kiwiko nimekiweka juu ya stesheni. Wa kushoto umeshika nyumba. Reli ina mkwaruzo mdogo tu, kama wa ukucha.

Treni ameiacha upande wake, jukwaani, karibu kabisa na mshono. Habari ya treni hatujaizungumza hata siku moja. Mbao mbili, treni moja. Reli ikikatwa, itabaki ilipo.

Namsikia nje, anamsalimia Mama Pacha. Anacheka.

Nimeweka kalamu chini kidogo, nikaisukuma treni kwa kidole kimoja. Imevuka mshono. Imesimama mbele ya dirisha langu, kidole cha mkono wa kushoto kimeipokea, na bado sijakitoa. Mlango unafunguliwa.